Bomba Fupi kwa Kidole Kimoja

Bomba lilikuwa fupi tena, kwa upana wa kidole kimoja. Ilikuwa mara ya nne.

Mume alilibeba mpaka mbele ya gari, akalipachika mahali pake, akainama kuchungulia. Akakuna kichwa. Akasema polepole kwamba safari hii aliamini kabisa lingekaa sawa. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na pini tatu mdomoni. 

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma na buti mbele. Lilikaa juu ya mawe hapo uani miaka tisa. Injini ilishanguruma, viti vilishashonwa upya, rangi yake ya maziwa iling'aa mpaka paka alijitazama mlangoni. Ilibaki miguu ya mbele tu. Ile ya kiwandani mume hakuitaka. Alitaka pua ya gari iiname, na matairi mapana yajifiche chini ya madigadi. Kwa hiyo alikuwa akiunda yake mwenyewe: mabomba mawili yaliyolala upande hadi upande, moja juu ya jingine, na springi zake ndani. La chini lilishakamilika. La juu ndilo lililomshinda. Likizidi, halilingani na mwenzake. Likipungua, halirefuki tena, na kupata jingine la namna ile kwa wauza vyuma chakavu huchukua wiki mbili.

Wiki mbili hizo ndizo zilizomkosesha mke usingizi, kwa sababu ya mama yake.

Mama alikuja kuwasalimu kwa basi, nyonga zikamuuma, akaapa kwamba hapandi tena basi maisha yake. Mkwe wake akamwambia kwa adabu zote kuwa atamrudisha kwake kwa Volkswagen, tena karibuni. Siku hiyo hiyo mama akawapigia simu majirani zake wote kuwaeleza atakavyorudi. Baada ya hapo, kumrudisha kwa kitu kingine ingekuwa kumvua nguo. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu afike.

Mke alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa na cherehani yake. Mteja akija kujaribu gauni, mama hunyanyuka kitini, hugeuza pindo, hulisogeza dirishani penye mwanga. Kisha humwambia bintiye, mteja akisikia, kwamba hapa mkono ulikwenda upande. Wateja wawili walishaondoka na vitambaa vyao. Sasa alikuwapo bibi harusi mmoja, mwenye magauni sita ya wasindikizaji, naye alishaanza kusema atafikiria. Kazi hiyo ikiponyoka, mshonaji alijua jina lake mtaani limekwisha.

Mchana mama huhamia uani. Huketi juu ya debe, akauliza kila chuma kinaitwaje na kinafanya nini. Mume, ambaye kwa miaka tisa hakuulizwa lolote juu ya gari hilo ila litaondoka lini, humweleza mpaka chai inapoa. Kisha wanapima. Mama hushika futi upande wa pili na kusoma namba, mume huchora chaki na kukata. Na kila mara bomba hutoka fupi.

"Macho ya uzee," mume alimwambia mkewe jioni ya bomba la nne. "Tusimlaumu mama."

Upole huo ndio uliomzindua mke. Kesho yake alichukua uzi mweusi na sindano nyembamba kuliko zote, akamwomba mama yake amtungie. Mama akatunga mara moja, bila miwani, tena huku akimwonyesha kwa kidevu kwamba pindo lililo mashineni limepinda.

"Mama, kule uani unasoma nini kwenye futi?"

"Nasoma kilichoandikwa."

"Na bomba linakuwaje fupi?"

"Vyuma vina tabia zake, mwanangu. Mimi ni mgeni tu hapa."

Mgeni wa miezi mitatu, mke alitaka kusema, akajiuma ulimi. Mama ni mama. Lakini sasa alikwisha kujua mchawi wa nyumba yake ni nani.

Bomba la tano lilipofika, alimwekea mama sinia la maharage ayachambue jikoni, akamwambia hana haja ya kujichosha na jua. Akatoka uani na futi yake mwenyewe, ile ya kitambaa. Alipima mara tatu, kutoka upande huu na upande ule, kama anayepima kitambaa ambacho dukani kimekwisha. Akachora mstari mwembamba kwa chaki ya kushonea, akamshika mumewe mkono.

"Baba watoto, hapa. Si mbele, si nyuma. Jumamosi nataka mama yangu awe barabarani."

Mume alisema sawa. Mke akaongeza kwamba mama asiiguse hiyo futi, mume akasema hataigusa. Alisema kwa unyenyekevu mpaka mke akamwonea huruma, jinsi alivyosumbuliwa na mkwewe muda wote huo bila kunung'unika hata siku moja.

Hodi ikapigwa mlango wa mbele. Alikuwa bibi harusi. Mke akaingia ndani mbio, na kitambo kidogo cherehani ikaanza kulia.

Mume alisikiliza mpaka mashine iliposhika kasi. Akatia mate kidole gumba, akaufuta ule mstari, akachora mwingine, wa kulifupisha bomba kwa upana wa kidole.

"Mama, njoo unishikie huku," aliita kwa sauti ya chini dirishani pa jikoni, "kabla hajamaliza pindo."