Chaji ya Bwana Makungu

Maktaba ya mji ule ilikuwa kimya hata mende walinyata. Bwana Makungu, ofisa wa manispaa, aliingia na kufuli jipya mkononi.

"Bi Rehani, leo tunafunga," akamwambia mkutubi. "Siku hizi vitabu vyote vimo humu simuni." Akainua simu apige picha ya ukumbi, amtumie mkubwa wake. Simu ikazima.

"Chomeka pale mezani, mwanangu," Bi Rehani akasema. "Ila desturi yetu ni moja: anayechaji anatusomea mpaka simu ijae."

"Niwasomee kina nani?"

Wakajitokeza nyuma ya rafu, walikokuwa wakivizia mtu aliyeishiwa chaji: Mama Siwema muuza nyanya, fundi cherehani, na babu mmoja aliyesemekana kulizidi jengo lenyewe umri. Makungu akakabidhiwa riwaya ya mjane aliyechumbiwa na fisi.

Akaanza kwa sauti ya kusoma kumbukumbu za kikao.

"Fisi gani kapoa hivyo?" Mama Siwema akafoka. "Mtie njaa kidogo, baba!"

Makungu akakohoa, akalegeza tai, akamtia fisi njaa. Mjane alipogusa komeo la mlango, fundi alikuwa amemng'ang'ania babu mkono.

Simu ikajaa, ikawaka yenyewe kama iliyoona wivu, ikaanza kutetemeka.

"Mkubwa wako anapiga," Bi Rehani akanong'ona.

Makungu akainua kidole kuomba kimya, akafunua ukurasa uliofuata. Simu ikawa inatambaa mezani, taratibu, kuelekea ukingoni, na hakuna aliyeitazama.