Friza ya Samaki

Tunu, mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya mimea, alirudi kutoka netiboli Jumamosi asubuhi akakuta umeme wa maabara umekatika tangu alfajiri. Alifungua jokofu, lilikuwa tupu. Majani yake ya mihogo, jasho la miaka miwili, hayamo. Akaanza kuvuta droo moja baada ya nyingine, machozi yakimtoka.

"Usilie, mwanangu," alisema Bi Mashavu, mfanya usafi, akitua ndoo. "Niliona yataharibika, nikayapeleka kantini. Kule kuna jenereta."

Tunu alitoka mbio. Mpishi alimfunulia friza huku akicheka: "Nusura niyapike kisamvu!"

Vifurushi vyote vilikuwemo, vimeganda kama mawe kati ya vichwa vya samaki aina ya changu. Tunu aliinama, akaegemeza paji la uso kwenye barafu, akavuta pumzi ndefu, shombo na yote.