Dawa ya Kung'arishia Pijo

Kufikia saa tatu asubuhi Khole alikuwa amemaliza mlango mmoja tu wa gari, na mumewe, Thabit, alitarajiwa kufika na treni ya kesho yake.

Alifuata maagizo kama yalivyoandikwa. Gari lioshwe, likauke, liwe kivulini. Dawa itiwe kidogo kwenye kitambaa, isuguliwe kwa mviringo, sehemu ndogo ndogo. Iachwe mpaka ifanye ukungu mweupe, ndipo ifutwe. Ilikuwa polishi na nta kwa pamoja: iliondoa mikwaruzo, na papo hapo ikaikinga rangi na jua. Thabit aliituma kutoka Maskati kwa msafiri, kopo zima, pamoja na barua ya kurasa mbili. Kurasa zote mbili zilihusu gari lake, Pijo. Atakaa Tabora wiki mbili, aliandika, auze gari, kisha arudi. Habari ya Khole kurudi naye haikuwemo.

"Kitambaa kiwe laini," barua ilisema, "kisiachie nyuzi."

Khole alifungua kabati akatoa nepi za mwanawe, Fakhria. Zilikuwa zimekunjwa humo tangu mwaka jana. Zilifaa sana.

Thabit aliondoka mwaka wa sabini na tatu, mtoto akiwa na miezi mitatu. Alisema akipata kazi atawaita. Mtoto alipata surua, akafia hospitali ya Kitete siku ya nne. Khole alimwandikia mumewe. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: "Poleni. Mwenyezi Mungu ndiye mtoaji na ndiye mchukuaji. Je, Pijo lina turubai? Jua la huko litaliharibu."

Aliisoma barua hiyo amesimama, akaikunja, akaenda kupika. Tangu siku hiyo hakulia wala hakukasirika. Alikuwa kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi; unaigusa, unajua ipo, basi.

Alianza mlango wa pili.

Alfajiri ile, kabla hajaanza, jirani yake wa mtaa wa Kanyenye, mshona nguo aitwaye Masolwa, alikuwa amekuja kumsaidia kulisukuma gari hadi kwenye kivuli cha ukuta. Petroli ilikuwa adimu mwaka ule. Magari mengi mtaani yalikuwa yamelala uani kama hili.

"Jepesi hili, dada," Masolwa alisema. "Mie nilidhani tutaita watu. Na mbona limeinua pua?"

"Limekaa sana," Khole alijibu.

Adhuhuri alikuja wifi yake, Tufaha, ameshika bakuli la hina iliyokwisha kukorogwa. Aliinama mbele ya mlango mweusi uliokwisha kufutwa, akacheka.

"Wallahi najiona mpaka kipini cha pua! Wifi, haya ndiyo mapenzi. Kaka yangu akifika hapa atalia."

"Labda."

"Basi njoo nikupake. Mtu anarudi kwa mkewe, harudi kwa gari tu."

Khole alimwonyesha viganja vyake, vimekuwa vyeupe mpaka kwenye vifundo. "Mikono ina dawa, wifi. Itaharibu hina."

"Nioneshe basi ufunguo uko wapi, nikae ndani kidogo nijione tajiri."

"Atakaa yeye kwanza," Khole alisema, akaendelea kusugua.

Tufaha alimtazama. Alitaka kusema neno juu ya mtoto, akaona bora asiseme. Aliliacha bakuli barazani, akaenda zake.

Paa. Boneti. Bampa. Mkono ulizunguka na jua likazunguka. Jioni nepi zote zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama ngozi. Alizichoma moto nyuma ya jiko, akalifunika gari kwa turubai, akalala usingizi mzito usio na ndoto.

Thabit alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, amenenepa, amevaa kanzu mpya. Mchukuzi alimbebea masanduku mawili. Yeye mwenyewe alishika dumu la petroli, alilolipata kwa shida kwa mtu wa stesheni.

"Hujambo, Khole?"

"Sijambo. Karibu."

Hakuingia ndani. Aliweka dumu chini, akashika ncha ya turubai, akalivuta.

Pijo lilimrudishia uso wake, ukuta wa nyumba na kipande cha mbingu. Alipitisha kidole juu ya mlango, akakitazama kidole.

"Mashallah," alisema. "Umefanya kazi. Hivi ndivyo nilivyotaka hasa." Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu tangu wafunge ndoa. Mtoto amezikwa wapi, hakuuliza.

Alimimina petroli yote, bila kumwaga hata tone. Akakunja kanzu, akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Kimya.

"Betri," alisema. Akazungusha tena, akatoka, akaenda mbele, akafungua boneti.

Hata humo ndani dawa ilikuwa imepita. Bati lilimeta pande zote. Nyaya zilikuwa zimekusanywa na kufungwa kwa uzi, nadhifu kabisa, na katikati, pale palipopaswa kuwa na chuma chote kile, Thabit aliona mchanga wa uani.

"Khole! Injini iko wapi?"

"Iko Bukene," Khole alisema. Alikuwa mlangoni, amekwisha kujifunga buibui, sanduku lake miguuni. "Inasaga mahindi ya kijiji cha ujamaa. Wenyewe wamenipa nyumba na shamba, na treni yangu inaondoka saa kumi."