Vidole Vyenye Hina

Taa za bustani ya harusi kule Qurum zilikuwa hafifu, na Hamdiya alishika lenzi mbili. Ya kwanza ingewatoa wote, kila mtu na sura yake. Ya pili, ya gizani, ingekamata kitu kimoja tu. Vingine vyote vingeyeyuka kama moshi.

Waliomwita kupiga picha ni watu wa bibi harusi. Hawakujua kuwa bwana harusi ni mtalaka wa Hamdiya. Simu za wanawake zote zilikuwa zimeachwa mlangoni, kwa hiyo picha za usiku huu zingekuwa zake peke yake.

Siku aliyokwenda kwao mume kuchukua nguo zake baada ya talaka, aliiona picha ya harusi yake ukutani. Mama mkwe alikuwa amemkata pichani kwa mkasi. Vilivyobaki ni vidole vyake vyenye hina, begani mwa mume.

Vigelegele vikapaa. Bwana harusi akaingia na mama yake, ambaye alimtambua Hamdiya, akambetulia mdomo, kisha akaweka mkono begani mwa mwanawe.

"Nitoe vizuri. Nnaitaka ukutani pale pale."

"Inshallah, mama."

Hamdiya akaifunga kwenye kamera lenzi ya pili. Akavilenga vile vidole vya begani, vyekundu kwa hina, akabonyeza.