Aliyepelekwa Mkiani

Kiangazi kilipokausha mto, wanyama walihama kutafuta maji. Desturi yao ilikuwa kwamba kiongozi hutangulia, na akipoteza njia hupelekwa nyuma kabisa, akale vumbi la wenzake.

Asubuhi moja Ndovu, aliyekuwa akiongoza, alisimama. "Nimekosea, jamani. Huku hakuna maji. Tugeuke tukashike njia ya bondeni."

Nyati alicheka. "Kiongozi gani huyu? Nifuateni mimi, maji yako mbele. Mimi sikosei!"

Wanyama walipenda maneno hayo. Ndovu akaenda mkiani bila ubishi, maana hakutaka kuliacha kundi.

Haukupita muda mrefu, Nyati akaona udongo unazidi kupasuka chini ya kwato zake, akajua amepotea. Lakini angesemaje, naye alishajisifu? Akakaza mwendo. Swala alipouliza, alimkemea: "Mwenye wasiwasi abaki!"

Jioni wakatokea kwenye jangwa tupu. Nyati akaulaumu upepo, kisha akamlaumu Ngiri kwa kumpigia kelele njiani.

Ngiri, midomo imemkauka, akamtazama. "Ndovu naye alitupoteza. Ila yeye alituambia tukiwa bado na nguvu za kurudi."

Akageuka, na wengine wote wakageuka. Nyati alifungua kinywa awaamuru wamfuate, akakuta anazungumza na migongo. Yeye ndiye aliyekuwa mkiani sasa, vumbi likimwingia puani, na kule mbele kabisa, bila kuchaguliwa na yeyote, alikuwa Ndovu.