Damu ya Kalunde

Rashid alitema mate dirishani. Kipande cha ovari ya mbuzi kilikuwa kiking'aa kijani tena, na damu aliyokitilia ilikuwa ya mama wa watoto saba!

Wiki ya sita hiyo. Kila Jumanne alienda mwenyewe kichinjioni Tawa, akatia mkono kwenye matumbo yaliyojaa mavi, akatoa ovari, vifuko vya mayai ya uzazi. Alizikata nyembamba, akatia damu ya mgonjwa, kisha rangi. Mwanamke ambaye mwili wake unashambulia ovari zake mwenyewe, damu yake hung'aa kijani kwenye darubini. Aliye mzima, damu yake hubaki giza. Ndivyo kitabu kilivyosema, mwaka huo wa 1986.

Lakini kipimo hakiaminiki bila damu ya kulinganishia, ya mwanamke ambaye uzazi wake hauna shaka. Rashid, mtu wa Mombasa, alimchagua Kalunde, mfagiaji wa hospitali.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Saba, daktari. Wote wanaitwa kwa jina langu."

Akaandika saba. Aulize nini zaidi?

Loo! Damu ya Kalunde iling'aa kuliko ya wagonjwa. Rashid aliacha mbuzi akajaribu ng'ombe. Akabadilisha maji ya kuoshea, akazimua damu, akachemsha vioo mpaka vidole vikababuka. Wapi! Kalunde alimwonea huruma, akawa anamletea isyo, yaani mahindi na maharagwe, aliyopika Nthenya wake wa nyumbani. Rashid alishindwa hata kufunua bakuli. Uvundo wa matumbo ulikuwa umemganda puani. Alikuwa amekinai kipimo, amekinai kazi, amejikinai mwenyewe.

Nje kwenye benchi alikaa Kasyoka wa Kathonzweni, miaka ishirini na minne, hedhi imekatika mwaka wa pili sasa. Mama mkwe alikuwa amemwambia asirudi bila jibu: kama ni ugonjwa, atibiwe, kama ni tasa, arudi kwao. Damu yake nayo iling'aa. Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa kali, na daktari mkuu alishasema: damu ya Kalunde iking'aa leo tena, hampi mtu dawa, na kipimo kinafungwa.

Rashid akatoka.

"Dada, kipimo changu ni takataka. Kinamsingizia ugonjwa hata mama wa watoto saba. Hatuwezi kukupa dawa."

"Sasa nirudi niwaambie nini, daktari?"

Rashid akageuka, akarudi ndani. Alibeba vioo, daftari na chupa ya damu ya Kasyoka, akavitupa vyote kwenye shimo la kuchomea taka. Ptuu! Uchafu mtupu. Akasimama hapo mpaka moto ukashika vizuri.

Kalunde aliegemeza ufagio ukutani, akaketi karibu na Kasyoka na kumfuta machozi kwa leso yake.

"Nyamaza, mwanangu. Fanya kama nilivyofanya mimi. Tumbo hili halijabeba mimba hata siku moja. Nilitoa mbuzi wa mahari, nikaoa mke kwa mila yetu. Nthenya ndiye aliyenizalia wote saba."