Wana Wawili, Si Mmoja

"Bakufe babili," Mukandoli alimwambia muuza diski za filamu. "Babili, hapana mumoja. Na mama yabo akuwe anaona."

Muuza diski wa Mbarara alijikuna shingo. "Nyabo, hiyo watu hapana penda. Chukua ya komando. Yeye peke yake napiga watu mia mbili."

"Wewe nipe ya kilio."

Akapewa. Vita vya Wazungu, mama mjane, wana wawili wanatolewa nyumbani na askari. Mukandoli akaisokomeza diski kifuani, akapanda pikipiki kurudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na vumbi lote lile hakulisikia.

Alikuwa na haraka. Jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya wanaohamishiwa Amerika, na basi lingewachukua Alhamisi. Sasa aondoke, amwache Kabera hapa anauza nyama ya mbuzi na kucheka na wateja? Weee! Afadhali Amerika ibaki hukohuko.

Mwaka wa tisini na nane, kule milimani Kivu ya Kusini, Kongo, wanaume wenye bunduki waliwatoa wanawe, Byiringiro na Ishema, wakawapeleka nyuma ya zizi na kuwaua. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Hakuziona sura za wale watu. Ila kambini walinong'ona kwamba Kabera aliwahi kubeba bunduki, na Kabera mwenyewe kila akikutana naye njiani alitazama chini. Mtu asiye na neno hutazama chini kwa nini? Kwa Mukandoli kesi ilikuwa imekwisha. Alichotaka ni kumwona akivunjika kwanza, mbele za watu.

Ndiyo maana alikwenda kwa Appolinaire, mwenye kibanda cha video. Filamu ikisema Kiingereza au Kichina, Appolinaire ndiye aliyeshika maikrofoni na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, hata farasi. Tena hakutafsiri tu. Aliongeza chumvi. Mji wa Ulaya aliuita Uvira, jambazi alimpa jina la mtu aliyeketi mbele, na watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Mutoto yangu," Mukandoli alimwambia, "siku ya Yenga, watu bakitoka kanisa, bale vijana ba hii diski uwaite Byiringiro na Ishema. Nitakuambia namna ilifanyika, na wewe useme vile vile. Kabera atakaa mbele. Mimi nitaangalia sura yake."

Appolinaire akashika kichwa. "Mama, acha. Hiyo mambo italeta nini?"

"Italeta Kabera."

"Kumbe ni Kabera?"

"Basi ni nani mwingine?"

Appolinaire alifungua daftari lake. "Ile siku wewe ulikuwa wapi, Mama?"

"Mu mahindi, nimelala chini. Niliona mabuti tu. Hata sauti zabo sikusikia, mvua ilikuwa mingi."

"Ni sawa," akasema, na safari hii hakubisha. "Nitafanya."

Mukandoli akamweleza: mvua, ng'ombe walivyolia, mlango ulivyopigwa teke, wanawe walivyotolewa nje. Appolinaire aliandika yote, kichwa kimeinama.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, kibanda kilijaa pomoni. Kabera aliwekewa nafasi benchi la mbele, akafurahi, maskini, akadhani ni heshima. Mukandoli aliketi pembeni, mgongo kwenye ukuta, macho kwake. Chini ya kitenge alikuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Mambo ya polisi hakuyataka. Polisi wangeandika, wangesema arudi kesho, na kesho na keshokutwa, mpaka basi lije.

Kwenye skrini askari wakapiga mlango teke. "Byiringiro! Ishema! Tokeni nje!" ilisema maikrofoni.

Kicheko kikakatika. Kila mtu mle ndani alikuwa amezika mtoto, au hakupata hata cha kuzika. Mama wa Kizungu alipoanguka kizingitini, wanawake walianza kulia, na wanaume wakajifanya wanakohoa. Yule mama hakumjua yeyote kati yao, lakini siku hiyo alikuwa mmoja wao.

Kabera naye akalia. Si kidogo! Mabega yalimtikisika, akauziba uso kwa kofia yake, na sauti ikapenya kitambaa.

Damu ikamchemka Mukandoli. Kumbe una machozi, mbwa wewe! Lia, alisema moyoni. Lia umalize kabisa, unakwenda kuwakuta. Akashika mpini, akainuka, akapiga hatua moja, kisha ya pili. Shingo ya Kabera ilikuwa pale, imeinama, karibu kabisa.

Hakuna aliyemwona. Wote walimsikiliza Appolinaire, ambaye daftari lilikuwa limemwanguka na hakujishughulisha kuliokota. Kwenye skrini wale vijana walisimama kimya juani, vifua wazi, hawasemi kitu. Maikrofoni iliendelea.

"Mudogo anatosha sweta yake mu mwili. Anaivalisha mukubwa wake juu ya ile ingine. Anamuambia, Byiri, vala, unatetemeka, batasema unaogopa."

Mukandoli akaganda. Byiringiro alimzika yeye mwenyewe, peke yake, kabla hakujapambazuka, maiti ikiwa na sweta mbili mwilini, na hilo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Aliyeweza kulijua ni yule tu aliyekuwa nyuma ya zizi.

Akampita Kabera bila kumgusa, akaenda moja kwa moja kwenye maikrofoni, kisu bado mkononi.